Jina Litoke Wales

Mwanangu alikaa siku kumi na tisa bila jina, na siku zote hizo mimi nilikuwa ndani ya nyumba ya baba yangu, Mabamba, nikiitazama migomba dirishani kama mfungwa anayesubiri rufaa. Siwezi kusema niliteseka. Nilikula. Mama alinipa uji asubuhi, ndizi na maharage mchana, samaki wa mgebuka jioni, na katikati ya hapo uji tena, mpaka nikamuuliza, mama, mtoto si ameshatoka, sasa hapa unamlisha nani? Lakini mlango wa mbele sikuruhusiwa kuuvuka na mtoto mkononi. Kwa desturi ya nyumbani kwetu mtoto hatolewi nje watu wakamwona mpaka awe na jina, na jina analitoa mwenye haki nalo. Mwenye haki nalo alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa akiishi na kondoo wake kwenye mlima mmoja huko Wales, na alikuwa amekataa.

Majina ya watu sitayataja humu, hata la binti yangu. Akikua atajitambulisha mwenyewe. Mimi nitasema maana yake tu, itatosha.

Mume wangu ni wa huko Wales. Kwa asiyejua, ni nchi ndogo iliyobanana na Uingereza, yenye mvua nyingi, majani mengi na lugha yake yenyewe, na ukimwita mtu wa kule Mwingereza ndipo utajua kwamba hata mpole ana hasira zake. Kosa hilo nililifanya siku ya pili tu ya kujuana naye. Alikuja Kasulu kufunga pampu za maji kwenye kambi ya wakimbizi, mkataba wa miezi sita, na mimi nilikuwa na duka la vifaa vya shule na mashine ya kutoa kopi karibu na stendi. Akawa anakuja kutoa kopi za michoro ya pampu. Leo kopi, kesho kopi, keshokutwa mchoro ule ule wa jana. Wiki ya tatu nikamwambia hakuna pampu duniani inayotaka karatasi zote hizi, sema shida yako. Akasema. Mkataba ukaisha, mtu hakuondoka.

Nilipopata mimba ndipo habari ya jina ilipoanza. Alikuwa akirudi kazini, anavua buti, anakaa mkekani na simu yake ambamo alikuwa amepata orodha ndefu ya majina ya Kiwelshi. Majina ya kwao yana maana, kama ya kwetu, na jambo hilo lilinifurahisha sana mpaka alipoanza kunitafsiria. La kwanza lilikuwa na maana ya theluji. Nikamuuliza kama amewahi kutoka nje ya nyumba hii akaona tunaishi wapi. La pili maana yake ni kifua cheupe. Nikakitazama kifua changu, nikamtazama yeye, nikamwambia arudie kusoma. La tatu lilikuwa la bahari. Mengine hata sikujua yanaanzia wapi mdomoni. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke wa Kitanga mwenye duka la vitenge, alikuwa akisikia kila kitu, na jioni moja alisema kutoka upande wake kwamba hilo la mwisho si jina, huyo ni mtu anayetoa kohozi. Mume wangu alicheka mpaka akalala chali. Yeye mwenyewe, kumbe, hakuwa na uhakika kama analitamka sawa.

Hapo ndipo penye uchungu, na nilichelewa kuujua. Mume wangu hajui Kiwelshi. Mama yake ndiye anayekijua, amezaliwa nacho, anaota ndoto kwa lugha hiyo. Lakini aliolewa na mwanamume asiyekijua, na watu wakamshauri kwamba mtoto akitaka kwenda mbele ampe Kiingereza tu, hicho kingine cha kuongea na mbwa. Akafanya hivyo. Mume wangu anajua kuhesabu hadi kumi, wimbo mmoja wa kumlaza mtoto, na maneno ya kumwita mbwa arudi na kondoo. Alipokuwa kwao wala hakuwa na habari na lugha hiyo. Alipofika Kasulu, mbali na kila mtu anayeizungumza, ndipo ilipoanza kumsumbua. Alitaka mwanaye aitwe kwa neno moja la kule, hata kama ni moja tu.

Tukakubaliana nyota. Lilikuwa jina zuri, fupi, hata jirani alilitamka bila kukohoa. Tukaona tumemaliza.

Mwezi wa mwisho nilikwenda kwa wazazi wangu, maana mtoto wa kwanza kwetu mtu huzalia kwao. Nikajifungua Kibondo hospitalini, binti, nikarudi naye Mabamba, na mume wangu akachukua likizo akaja na begi moja na simu mbili. Siku ya tano kitovu kikadondoka. Jioni hiyo baba alibeba kiti akakiweka sebuleni, akamwita mkwewe akae mbele yake, na mimi nilikuwa chumbani mlango ukiwa wazi, nasikia kila neno.

Baba akauliza kama jina lipo. Mume wangu, na Kiswahili chake cha kujivunia, akasema lipo, akalitaja, akaeleza na maana yake. Baba akauliza nani kalitoa. Mume wangu akasema kalichagua yeye. Kalichagua wapi? Kwenye simu. Baba akaomba aione hiyo simu. Nikamsikia tu baba akivuta pumzi kupitia puani jinsi anavyofanya akisoma. Halafu akasema haya majina yamepangwa kama dawa dukani, na hakuna hata moja humu linalomjua mtoto huyu.

Nilijua kinachofuata, au nilidhani najua. Nilijua baba atadai jina litoke kwake, la Kiha au Kirundi, maana ndiye mwenye nyumba, na nikaanza kutafuta maneno ya kumtetea mume wangu. Wapi. Baba akamuuliza kama baba yake yu hai. Amefariki. Mama yake je? Yupo. Ana akili zake? Mume wangu akasema anazo kuliko yeye.

"Basi jina litoke kwake," baba akasema. "Mtoto ni wa kwenu. Siwezi kumnyang'anya mwenzangu mjukuu kwa sababu tu mjukuu amezaliwa kwangu."

Mume wangu akaona ni jambo jepesi. Akatoka nje kumpigia mama yake, na mimi nikaendelea kunyonyesha nikijua kesho natoka, keshokutwa nipo Kasulu dukani kwangu. Alirudi baada ya muda mrefu, akakaa ukingoni mwa kitanda, hakuniangalia. Akanieleza alichoambiwa, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Anasema, 'Lugha yenyewe nilikunyima wewe. Nitampaje mjukuu jina la lugha niliyokunyima? Sina haki hiyo. Chagueni wenyewe.'"

Akasema basi, tuchukue ile nyota, yaishe. Kisha akalia. Mimi si mtu wa kuvumilia machozi ya mwanamume, nikaanza na mimi, na mtoto alipoona sisi wawili tumejipa kazi hiyo akajiunga. Mama alikuja mbio akidhani kuna jambo baya zaidi.

Nilimpelekea baba habari nikiamini atalegeza. Hakulegea. Alisema yule mama hajakataa kwa sababu hajaombwa. Kuombwa na mwanao kwenye simu, umesimama jikoni, si kuombwa. Upande wa mke ndio unaopaswa kwenda kwake kwa heshima, na kwa kuwa hakuna namna ya kwenda, basi itapigwa simu, lakini itapigwa kama watu wanaokwenda. Akamwagiza mume wangu aweke miadi. Akauliza mama huyo anafuga nini. Kondoo. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo palikuwa na pa kuanzia.

Miadi ikawekwa saa kumi jioni, siku ya tisa. Sasa, Mabamba tunatazamana na Burundi, na simu zetu zikichoka na mnara wa huku zinashika wa kule, na zikishika wa kule saa inajirudisha nyuma saa nzima bila kumwomba mtu ruhusa. Kila mtu wa hapa anajua. Ndiyo maana hakuna anayeangalia saa kwenye simu. Tunaangalia jua, tunasikiliza redio. Baba anajua kuliko wote. Lakini siku hiyo alivaa koti lake la kanisani, akaweka kiti cha mgeni sebuleni akakikalia mwenyewe, na alipoona jua limeshuka sana akasema jua la msimu huu halina adabu, tufuate simu ya mkwe, simu ya bei kama ile haiwezi kudanganywa na mnara. Mume wangu, mtu wa Kasulu, hakujua hata kama kuna wa kudanganya.

Tulipiga saa kumi ya Burundi. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja. Simu haikupokewa. Baadaye ukaja ujumbe. Yule mama alikuwa amevaa vizuri, amechemsha chai, amekaa mezani saa nzima na simu mbele yake, kisha akainuka akaenda kwa kondoo wake. Alikuwa ameandika kwamba anaona tumebadili mawazo, na kwamba anaelewa.

Sijawahi kumwona baba amefadhaika vile. Alivua koti, akalikunja mara mbili, akaliweka magotini. Alisema amemkalisha mzazi mwenzake bure, na kwa makosa hayo angekuwa ni yeye asingepokea tena. Mume wangu aliandika kuomba radhi, akaeleza habari ya minara na mipaka, na nadhani kule Wales ilisomeka kama uongo wa mlevi. Hata hivyo alijibu kwamba kesho yupo.

Kesho yake baba alifuata redio. Taarifa ya habari ilipoanza, simu ikapigwa, na ikapokewa. Baba akaanza kama inavyopaswa. Akasalimia. Akauliza amani ya nyumba. Akauliza mvua. Mume wangu akitafsiri huku na huku, na kwa yale aliyoyatafsiri nilitambua kwamba mvua ya kule hainaga msimu, inanyesha tu. Baba akampa pole. Akauliza kondoo, wanakula nini, wanazaa wangapi, ni mnyama gani anayewasumbua. Yule mama akauliza mbuzi wa baba. Wakaingia kwenye kwato. Kumbe kwato za kondoo wa Wales zinaoza kwa unyevu, na kwato za mbuzi wa Mabamba zinaoza kwa unyevu, na kila mmoja ana dawa yake na anaidharau ya mwenzake kwa adabu. Kila mume wangu alipojaribu kulisogeza jina, baba alimtupia jicho. Mpaka bando likakata, hakuna aliyetaja jina.

Mume wangu aliingia chumbani amejishika kichwa. "Dakika arobaini," aliniambia. "Kwato tupu."

Baba kwa upande wake alitoka pale akiwa na furaha. Alimwambia mama kwamba yule ni mtu, na kwamba keshokutwa wataongea tena.

Wakaongea tena. Wakaongea habari ya nyasi. Wakaongea habari ya mawe, maana shamba lake lina mawe mengi, na baba hana la kumfundisha mtu kuhusu mawe lakini alijaribu. Sikatai kwamba mume wangu alianza kubadilika. Alikuwa akitafsiri akicheka, akisema hajawahi kumsikia mama yake akiongea hivyo, kwamba mambo mengine ya shamba lao anayasikia kwa mara ya kwanza. Lakini mimi nilikuwa ndani. Dunia yangu ilikuwa chumba, sebule na ua wa nyuma uliozungushiwa mabua. Jirani yangu wa Kasulu alipanda gari akaja kunitazama siku ya kumi na nne, na vitenge viwili na maneno tele. Alisema, mwenzangu, sisi kwetu siku ya saba tu, nywele zimenyolewa, mbuzi kaliwa, jina lishatoka, nyie mpo na kondoo wa watu. Akambeba mtoto akamwita Mgeni, na kwa siku kadhaa nyumba nzima ikamwita Mgeni, mpaka baba akakataza.

Siku ya kumi na sita nilimfuata baba sebuleni nikamwambia ukweli. Nilimwambia, baba, mimi naoza humu ndani. Akanitazama juu hadi chini akasema huozi, unanenepa. Nikamwambia yule mama alishakataa, na kukataa ni kukataa hata kwa Kiwelshi. Akasema anayekataa hapokei simu. Nikarudi chumbani nikaufunga mlango kwa nguvu kidogo kuliko inavyofaa mtu mzima.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada, jioni, baba alikuja chumbani mwenyewe ameshika simu mbele yake kwa mikono miwili, maana yule mama alikuwa ameomba kumwona mtoto na ikapigwa ya picha. Nikamwona kwa mara ya kwanza akiwa hivyo, hajajiandaa kwa ajili yangu: mwanamke mwembamba, sweta la kijani, nywele nyeupe zilizokatwa na mtu asiye fundi. Baba akakaa kwenye kigoda, mume wangu kitandani karibu nami, mama akasimama mlangoni. Nikamwinua mtoto. Yule mama akamtazama muda mrefu. Kisha akauliza siku aliyozaliwa ilikuwaje.

Baba akajibu yeye, ingawa aliyezaa ni mimi. Alisema ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule wa huku milimani ambao unamvuta ng'ombe kwa kamba na humwoni. Mtoto alitoka na baridi, mdogo, amekunjamana, hanyonyi. Muuguzi akamweka kifuani kwangu akatufunika, tukangoja. Kama saa tatu ukungu ukafunguka, jua likaingia dirishani likaangukia mgongo wa mtoto, na mtoto akafungua mdomo akanyonya. Sikujua kwamba baba anayajua yote hayo. Mama ndiye aliyekuwa ndani. Baba alingoja nje tangu alfajiri.

Yule mama akasema kwa kondoo ni vivyo hivyo. Mwanakondoo anazaliwa alfajiri amelowa, anasimama anatetemeka, unamfuta, unamsugua, na bado unaona anakutoka. Halafu jua likimpata mgongoni, anaamka anamtafuta mama yake. Alikuwa akisema hayo akimtazama mtoto wangu.

Ndipo baba, baada ya siku zote zile, akalisema jambo lenyewe. Alisema, mama, tumekuja kuomba jina.

Akajibu lile lile. Hakukasirika, alisema kwa upole tu, kwamba hana haki, alimnyima mwanaye, na asiyetoa cha kwanza hawezi kutoa cha pili. Mume wangu alitafsiri akitazama sakafu. Nikasema moyoni, basi, tumefika mwisho, na nilimwonea huruma baba na koti lake.

Baba akasogeza kigoda. Akamgeukia mume wangu, si simu.

"Mwambie mimi pia sikumpa wangu," akasema. "Mwambie nilivushwa mpaka huu kutoka Burundi mgongoni mwa mama yangu. Nilipopata watoto niliwapa majina ya kwenye Biblia, ambayo kila mtu anayo, ili shuleni mtu asiwaulize wametoka wapi. Huyu binti aliyeshika mtoto, mama yangu alimletea jina la kwetu. Nililikataa. Niliogopa. Sasa tuna uraia, hakuna anayeniuliza kitu, na jina lile ninalo mimi peke yangu, sijui nilipeleke wapi. Mwambie asifanye nilivyofanya."

Mume wangu hakutafsiri mara moja. Alinitazama mimi kwanza, maana aliona usoni kwangu kwamba ni habari mpya. Kisha akatafsiri, taratibu, na mimi nikaisikia mara ya pili kwa Kiingereza, na mara ya pili iliniuma kuliko ya kwanza.

Kule upande wa pili yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Tulimwona ameinamisha kichwa, tukaona utosi wake tu. Alipokiinua alisema neno moja. Halikuwa la Kiingereza. Mume wangu akamwomba arudie. Akarudia. Ikabidi mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, amuulize mama yake maana, na mama yake akamweleza: ni joto la jua, lile unalolisikia mgongoni. Wasichana wa kule huitwa hivyo. Akamwambia alitamke. Akalitamka. Akamwambia siyo, ulimi weka hivi. Mara tatu, mara nne, mama na mwanaye, na mume wangu akicheka na pua ikimtoka kamasi. Baba akajaribu akashindwa. Mama yangu, ambaye hakuwa ameulizwa, akalitamka kutoka mlangoni sawasawa kabisa, na yule mama akapiga makofi kwenye simu.

Wengine wote walipotoka, baba alibaki kwenye kigoda. Nilikasirika, sitaficha. Miaka thelathini na minne nimeitikia jina ambalo darasani tulikuwa nalo wanne, mwalimu akitutofautisha kwa urefu, na kumbe kulikuwa na langu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilipofungua mdomo likatoka moja tu, nikamuuliza, lipi?

Alisema pengine nitacheka. Nikamwambia, baba. Akalisema, kwa sauti ndogo, kisha akanieleza maana ambayo nilikuwa nimeshaielewa, maana Kirundi si lugha ngeni kwetu. Lina maana kwamba bado tupo. Bibi yangu alilitoa akiwa amekaa jikoni, mimi nina siku nne, na baba akamwambia mama yake, hilo litamletea mtoto taabu. Bibi hakubishana. Hakumpa mtoto mwingine jina tena mpaka anakufa.

Sikucheka. Nilimwambia nimekasirika na kesho pia nitakasirika, ajiandae. Akasema sawa. Mtoto akataka kunyonya, nikamnyonyesha, na baba akaondoka na kigoda chake.

Kesho yake saa tatu, ukungu ulipoachia, nilivuka mlango wa mbele. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani mbele ya nyumba, mama amepika sufuria mbili za wali, jirani yangu wa Kasulu alikuwa ameahirisha safari akidai hawezi kuondoka bila kuona mwisho wa kondoo. Baba alimpokea mtoto, akamgeuzia jua mgongoni, akalitaja jina. Alilikosea kidogo. Mume wangu akamsahihisha, kwa sauti, mbele ya watu, na kwenye simu aliyoishika juu yule mama akasema kwamba sasa ni sawa. Vigelegele vikapigwa mpaka mtoto akashtuka. Wazee wakaomba kumsalimia bibi wa Wales mmoja mmoja, na nusu yao walimuuliza kwato.

Mimi nilikwenda kukaa upande wa jikoni, mikono mitupu, nikiwaangalia wanavyopokezana mwanangu. Nilikuwa bado nina hasira zangu, nimezikalia. Watu walikuwa wakiongea wote kwa pamoja. Baba, katikati ya wageni, akataka maji ya kunywa, akapaza sauti kuniita, na hakuniita kwa jina la siku zote. Aliniita kwa lile la bibi. Wazee wawili watatu wakageuka, wakamtazama yeye, wakanitazama mimi.

"Abee, baba," nikaitika, na nilikuwa nimeshasimama.